Alberta baada ya uchaguzi wa 2025: hasira ilipopewa fomu ya kusaini

Wakanada walipiga kura Jumatatu, tarehe 28 Aprili 2025. Kesho yake tu, huku kura za maeneobunge yenye ushindani mkali zikiendelea kuhesabiwa, serikali ya jimbo la Alberta ilipeleka kwenye bunge lake mjini Edmonton Mswada wa 54 wa kurekebisha sheria za uchaguzi. Ulikuwa na mengi ndani yake, ikiwamo kuruhusu tena kampuni na vyama vya wafanyakazi kuchangia vyama vya siasa. Kilichowafanya watu wakodoe macho ni kifungu cha kura ya maoni inayoanzishwa na wananchi. Kabla ya hapo, raia aliyetaka jimbo zima lipigie kura jambo la kikatiba alitakiwa kukusanya saini za asilimia 20 ya wapigakura walioandikishwa, karibu 590,000, kwa siku 90. Mswada ulishusha kizingiti hadi asilimia 10 ya wale waliopiga kura katika uchaguzi uliopita wa jimbo. Hesabu yake ilikuja kuwa saini 177,732, na muda ukaongezwa hadi siku 120.

Jumamosi ya wiki hiyo mamia ya watu walijazana mbele ya jengo la bunge, wakipeperusha bendera za Alberta na kudai uhuru. Jumatatu iliyofuata, Waziri Kiongozi Danielle Smith akalihutubia jimbo: yeye mwenyewe hataki Alberta ijitenge, lakini saini zikitimia, swali litawekwa kwenye kura mwaka 2026, na walio na kiu ya kujitenga wasitukanwe.

Habari nyingi zilizoandikwa nje ya Kanada zilishughulika na mabango na bendera. Kwangu, kisa chenyewe kimo katika ule mswada. Hasira ya Magharibi ya Kanada ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, hupanda na kushuka. Kilicho kipya ni kwamba safari hii serikali iliyopo madarakani, inayosema haitaki kujitenga, ndiyo iliyoitengenezea hasira hiyo njia ya kisheria, ikidhani itaishika hatamu.

Tuanze na kura yenyewe. Chama cha Liberal cha Mark Carney kilipata viti 169 kati ya 343, pungufu ya vitatu tu kufikia wingi kamili. Conservative walipata 144. Alberta ilikuwa na viti 37, na Conservative walichukua 34. Jirani zao Saskatchewan, 13 kati ya 14. Ukiishi mji kama Red Deer au Grande Prairie, huenda humjui jirani hata mmoja aliyempigia Carney, halafu usiku unaambiwa nchi imemchagua.

Kushindwa, watu wa Alberta wamekuzoea. Kilichowauma ni kwamba mnamo Januari chama chao kilikuwa kikiongoza tafiti za maoni kwa zaidi ya pointi 20. Justin Trudeau alikuwa amechokwa, miaka kumi ya Liberal ilionekana imekwisha, na Pierre Poilievre, mzaliwa wa Calgary, alikuwa akihesabiwa waziri mkuu mtarajiwa. Kisha Trudeau akatangaza kung'atuka, Donald Trump akaja na ushuru wake na maneno yake ya kuifanya Kanada jimbo la 51 la Marekani, na wapigakura wa Ontario wakamkimbilia mtu aliyewahi kuwa gavana wa benki kuu mbili. Tonge lilinyang'anywa likiwa mdomoni. Poilievre mwenyewe alipoteza kiti chake huko Ottawa, mji mkuu, akalazimika kuhamia Battle River–Crowfoot, eneobunge la vijijini Alberta, akashinda uchaguzi mdogo wa Agosti kwa karibu asilimia 80. Chama kinachosema kinataka kuitawala Kanada nzima, kiongozi wake alipata hifadhi palepale panapozungumzwa kuondoka Kanada.

Na Carney naye si mgeni wa Magharibi. Alizaliwa Fort Smith, kaskazini ya mbali, akakulia Edmonton. Haikumsaidia. Kwa wengi Alberta yeye ni mtu wa Ottawa na London, aliyeshika benki kuu ya Kanada na baadaye ya Uingereza, na kwa miaka alikuwa mstari wa mbele kuhubiri fedha zisizochafua hewa. Katika jimbo linalotoa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ghafi ya Kanada, sifa hiyo ni doa.

Malalamiko ya hesabu yana mshiko, ingawa si kwa kiwango wanachokisema. Ontario ina viti 122 na Quebec 78. Jumla 200, na wingi ni 172. Kwa hiyo chama kikizoa Mashariki, Alberta inaweza kujipigia kura inavyotaka na matokeo yasibadilike. Idadi ya watu wake ni kama asilimia 12 ya nchi, viti vyake ni pungufu kidogo ya asilimia 11. Lakini penye uonevu wa wazi ni Seneti. Alberta, yenye watu milioni tano hivi, ina maseneta sita. New Brunswick, isiyofikisha milioni moja, ina kumi. Mgawanyo huo una zaidi ya karne moja, na kuubadili kunahitaji kuifungua katiba, kazi ambayo wanasiasa wa Kanada wanaiogopa tangu majaribio ya 1987 na 1992 yalipokwama.

Historia nayo ina deni. Alberta na Saskatchewan ziliundwa mwaka 1905, lakini tofauti na majimbo ya mwanzo, Ottawa ilibaki na ardhi yao na madini yao hadi 1930. Robo karne hiyo ya kuwa jimbo lisilomiliki ardhi yake hairudiwi sana katika hotuba, lakini ndiyo iliyopanda mbegu. Kinachotajwa kila mkutano ni 1980. Februari mwaka huo Pierre Trudeau, baba yake Justin, alirudi madarakani bila kiti hata kimoja Alberta, Saskatchewan wala British Columbia. Oktoba serikali yake ikaleta Mpango wa Taifa wa Nishati: bei ya mafuta ya ndani ishikiliwe chini ya bei ya dunia, na sehemu kubwa zaidi ya mapato iende Ottawa. Waziri Kiongozi wa wakati huo, Peter Lougheed, alijitokeza kwenye televisheni kutangaza kwamba Alberta itapunguza uzalishaji kwa awamu. Stika za nyuma ya magari zikawatakia watu wa Mashariki wagande kwa baridi gizani. Mpango ulifutwa ndani ya miaka michache, lakini mtu aliyezaliwa 1990 atakusimulia kana kwamba alikuwapo.

Februari 1982, katika uchaguzi mdogo wa bunge la jimbo huko Olds-Didsbury, kaskazini ya Calgary, Gordon Kesler wa chama cha Western Canada Concept alishinda kwa tiketi ya kujitenga. Lougheed akaitisha uchaguzi mkuu wa jimbo Novemba. Chama cha Kesler kilipata karibu asilimia 12 ya kura na kikaambulia patupu kwenye viti. Lougheed alifanya ujanja ambao ni vizuri kuukumbuka kwa ajili ya yale yatakayofuata: alipigana na Ottawa kwa nguvu zote, akapigana na wanaotaka kujitenga vilevile, na hakuwapa fomu ya kujaza.

Sasa weka tarehe zake sambamba. Wimbi la 1980: Liberal wameshinda bila Magharibi. Wimbi la 2019, lililoitwa Wexit: Liberal wameshinda bila kiti hata kimoja Alberta na Saskatchewan. Wimbi la 2025: Liberal tena. Kati ya 2006 na 2015, Stephen Harper alipokuwa waziri mkuu akiwa mbunge wa Calgary, wanaotaka kujitenga hawakusikika. Muundo wa shirikisho ulikuwa uleule, Seneti ileile, mgao uleule. Ndiyo maana siwezi kukubali moja kwa moja kwamba hili ni suala la katiba. Kwa sehemu kubwa ni suala la nani yuko madarakani Ottawa, lililovalishwa joho la katiba. Preston Manning, mwasisi wa chama cha Reform, mwaka 1987 aliinua mabango yaliyosema Magharibi inataka kuingia ndani. Mapema Aprili 2025, wiki chache kabla ya kura, aliandika katika gazeti la kitaifa kwamba kumpigia Carney ni kupigia kujitenga kwa Magharibi. Mtu yuleyule, miaka 38 baadaye, na tofauti ni nani anayetarajiwa kushinda.

Suala la fedha ndilo linalochemsha damu kuliko yote, na ndilo linaloelezwa vibaya kuliko yote. Kuna mgao wa usawazishaji, ulioanza 1957 na kuingizwa katika katiba 1982, unaoziwezesha serikali za majimbo maskini kutoa huduma zinazokaribiana na za wengine. Quebec hupata zaidi ya dola za Kanada bilioni 13 kwa mwaka. Alberta haijapokea tangu katikati ya miaka ya 1960. Mitaani utasikia kwamba Alberta inaiandikia Quebec hundi. Hakuna hundi. Fundi bomba wa Calgary analipa kodi ya mapato ya shirikisho kwa viwango vilevile vya fundi bomba wa Halifax, na fedha za mgao hutoka katika mfuko huohuo wa Ottawa. Alberta inatoa zaidi kuliko inavyopata kwa sababu watu wake ni vijana na mishahara yao ni mikubwa. Hazina ya jimbo haitoi hata senti. Mwaka 2021 jimbo lilipiga kura ya maoni kuhusu mgao huu, na karibu asilimia 62 wakasema uondolewe katika katiba. Aliyeisimamia kura hiyo ni Jason Kenney, Waziri Kiongozi wa wakati huo, ambaye alikuwa waziri katika serikali ya Harper iliyoipa kanuni ya mgao sura yake ya sasa. Hilo halikuzungumzwa sana kwenye kampeni.

Lalamiko la mabomba ya mafuta ni zito zaidi. Alberta haina bahari. Bomba la Northern Gateway lilikubaliwa na Harper likafutwa na Trudeau mwaka 2016. Energy East lilikufa 2017. Keystone XL liliuawa na Joe Biden siku yake ya kwanza ofisini 2021, na hilo huwezi kumlaumu mtu wa Ottawa. Mwaka 2019 zikaja sheria mbili, moja ya kutathmini athari za miradi mikubwa na nyingine ya kuzuia meli kubwa za mafuta pwani ya kaskazini ya British Columbia, na Alberta ikazisoma kama amri ya kufunga duka. Hata hivyo serikali hiyohiyo ya Trudeau ililinunua bomba la Trans Mountain mwaka 2018 lilipokuwa linakufa, ikatumia jumla ya dola bilioni 34 hivi kulipanua, na tangu Mei 2024 linaweza kusafirisha mapipa 890,000 kwa siku hadi bandari ya Pasifiki. Shukrani zilizorudi zilikuwa chache mno. Labda ukishamwona mtu ni mkoloni, hata akikujengea barabara unauliza anataka nini.

Turudi kwenye fomu. Kwa nini Smith alishusha kizingiti?

Jibu limo ndani ya chama chake cha United Conservative. Mtangulizi wake, Kenney, hakuangushwa na wapigakura. Mei 2022 wanachama walipiga kura ya imani, akapata asilimia 51.4, akaona hiyo haitoshi na akajiuzulu. Smith alishinda uongozi Oktoba mwaka huo kwa kuwaahidi wanachama Sheria ya Mamlaka ya Alberta ndani ya Kanada Moja, na akaipitisha Desemba. Anajua vizuri kwamba hatima yake iko kwa wanachama wanaohudhuria mkutano mkuu, na wengi wenye bidii ya kuhudhuria ni wale wenye hasira. Anajua pia, kwa kuwa alikuwemo, kwamba kura za mrengo wa kulia zilipogawanyika kati ya Wildrose na Progressive Conservative, NDP, chama cha mrengo wa kushoto cha Rachel Notley, iliingia madarakani mwaka 2015. Kuwapa wanaotaka kujitenga utaratibu wa saini ni namna ya kuwazuia wasianzishe chama chenye meno. Walalamike, wasaini, lakini kura zao zibaki nyumbani.

Faida ya pili ilikuwa mbele ya Ottawa. Mwezi Machi, kabla ya uchaguzi, Smith alishatoa orodha ya madai tisa kwa waziri mkuu ajaye na kumpa miezi sita: futa sheria ya tathmini, futa katazo la meli, achana na ukomo wa hewa chafu, na kadhalika, la sivyo kutakuwa na mgogoro wa umoja wa taifa usiowahi kuonekana. Tishio la namna hiyo lina thamani likiwa hai. Likifa hakuna anayekusikiliza, na likitimia umepoteza nchi uliyokuwa unaidai. Kwa hiyo unalazimika kulilisha kila siku bila kulishibisha.

Kipimo cha kwanza kilikuja Juni 23, katika uchaguzi mdogo wa Olds-Didsbury-Three Hills, palepale pa Kesler. Ni nchi ya mashamba na ng'ombe kandokando ya barabara kuu ya Calgary kwenda Edmonton, wahafidhina kindakindaki. Kama mbegu ya kujitenga itaota popote, ni pale. Chama cha Republican cha Alberta kikamsimamisha kiongozi wake, Cameron Davies. Alipata asilimia 17 na ushee, wa tatu, nyuma hata ya NDP. Chama cha Smith kilizoa zaidi ya asilimia 60. Wengine waliandika kwamba vuguvugu limekwisha. Niliona kinyume: mtaji wa kujitenga haukuwa kwenye chama kidogo, ulikuwa ndani ya asilimia 60 ya chama tawala.

Siku hiyohiyo, Edmonton-Strathcona ilimchagua Naheed Nenshi, kiongozi wa NDP ya jimbo na meya wa zamani wa Calgary. Wazazi wake walihamia Kanada kutoka Tanzania. Nenshi amekuwa akimbana Smith kwa hoja rahisi: sema wazi uko upande gani. Na katika majimbo ya uhamiaji kama hili, ambako Kiswahili cha Kongo, cha Kenya na cha Bongo unaweza kukisikia Calgary, Edmonton hadi kwenye kiwanda cha nyama cha Brooks, swali hilo lina uzito wa pekee. Ukaazi wa kudumu, uraia na pasipoti hutolewa na Ottawa. Mtu anayesubiri karatasi zake hana kura katika jambo hili, ila karatasi anazosubiri ni za Kanada.

Aliyeharibu hesabu za wote ni Thomas Lukaszuk, mzaliwa wa Poland, aliyewahi kuwa naibu waziri kiongozi wakati wa Progressive Conservative. Alikimbilia fomu kabla wanaotaka kujitenga hawajafika, chini ya sheria ya zamani, na ombi lake likaidhinishwa Juni 30, siku chache kabla sheria mpya haijaanza kutumika. Kwa kuwa ombi lake liliingia kama la sera na si la kikatiba, kizingiti chake hakikuwa asilimia 20 bali 10 ya walioandikishwa, yaani saini 293,976 kwa siku 90, juu sana kuliko walichowekewa wapinzani wake. Swali lake: je, unakubali kwamba Alberta ibaki ndani ya Kanada? Tazama ufundi wake. Anayetaka umoja anasema ndiyo, na mzigo wa hapana unawaangukia wengine. Watu wa kujitolea walisimama na ubao wa kuandikia kwenye masoko ya wakulima na kwenye sherehe za majira ya joto, na Oktoba 28 wakakabidhi saini zaidi ya 456,000. Desemba 1, tume ya uchaguzi ya jimbo ilithibitisha zaidi ya 404,000. Chombo kilichorahisishwa kwa ajili ya wanaotaka kuondoka kilionyesha kwanza nguvu ya wanaotaka kubaki, tena kwa masharti magumu zaidi.

Swali la upande wa pili, lililowasilishwa na Mitch Sylvestre wa Alberta Prosperity Project, kundi linalodai uhuru, lilikuwa hili: je, unakubali kwamba jimbo la Alberta liwe nchi huru na likome kuwa jimbo la Kanada? Julai, afisa mkuu wa uchaguzi, Gordon McClure, alilipeleka mahakamani badala ya kuliidhinisha, kwa sababu sheria ilikataza pendekezo linalokiuka vifungu fulani vya katiba, vikiwamo vinavyolinda haki za wenyeji wa asili. Serikali ya Smith ilimlalamikia hadharani.

Hapa ndipo kisa kinapopata wahusika wanaosahaulika kirahisi. Karibu ardhi yote ya Alberta iko chini ya Mkataba wa 6 wa 1876, wa 7 wa 1877 na wa 8 wa 1899, kati ya Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili, na Ufalme wa Uingereza. Mikataba ilitangulia jimbo. Kwa mantiki ya machifu, Alberta haiwezi kuondoka na kitu ambacho haikupewa: walikubaliana na Ufalme, na jimbo lililozaliwa 1905 haliwezi kuwahamisha kwenda nchi nyingine kwa kura ambayo wao ni wachache ndani yake. Walishapinga Mswada wa 54 kwa sauti kubwa kiasi kwamba serikali iliongeza kifungu cha kusema haki za mikataba hazitaguswa. Hawakuridhika, na mahakamani walikuwapo.

Desemba 4, serikali ikaleta Mswada wa 14: sharti la pendekezo kuheshimu katiba liondolewe, kesi iliyoko mahakamani ikome, na mwombaji aruhusiwe kuomba upya. Jaji Colin Feasby hakusubiri. Desemba 5 alitoa uamuzi kwamba swali lile linakiuka haki za kikatiba, zikiwamo za mikataba. Bunge likapitisha mswada wake siku chache baadaye hata hivyo. Ukitaka kujua serikali iko upande gani, maneno ya Smith kuhusu umoja yana uzito mdogo kuliko siku hizo mbili. Serikali isiyotaka kujitenga ilikuwa na hukumu mkononi ya kulifunga jambo bila yenyewe kulaumiwa, ikachagua kuibatilisha.

Wakati huohuo lengo la tishio lilikuwa limetimia. Novemba 27, huko Calgary, Carney na Smith walitia saini hati ya makubaliano: Ottawa haitaleta ukomo wa hewa chafu wa sekta ya mafuta, kanuni za umeme safi zitasitishwa Alberta, na kuna njia ya bomba jipya la kwenda pwani ya magharibi la mapipa yasiyopungua milioni moja kwa siku, kwa upande wake Alberta ikakubali bei ya kaboni ya viwandani ipande. Steven Guilbeault, waziri wa zamani wa mazingira, alijiuzulu barazani siku hiyohiyo. British Columbia na Mataifa ya Kwanza ya pwani walikasirika. Kwa kipimo chochote, Smith alipata alichokuwa akidai kwa miaka.

Siku mbili hazikupita. Mwishoni mwa wiki hiyo chama chake kilifanya mkutano mkuu Edmonton, na alipowaambia wanachama wake kwamba sasa wana sababu ya kuamini nchi inafanya kazi, sehemu ya ukumbi ilimzomea.

Zomeo lile linaeleza zaidi ya tafiti za maoni, ambazo mwaka mzima ziliwaonyesha wengi wakitaka kubaki, na hata zilizowapa wanaotaka kujitenga idadi kubwa ziliwaweka kwenye theluthi hivi, walio imara kabisa wakiwa wachache zaidi. Mtu mwenye dai la bomba, ukimpa bomba anatulia. Waliozomea hawakuwa na dai la bomba. Kwa miezi saba walikuwa wameambiwa kwamba uhuru ni jambo la kawaida la kujadiliwa, lenye fomu, kizingiti na tarehe. Smith aliutumia uhuru kama karata ya kujadiliana na Ottawa, wao wakauelewa kama ulivyoandikwa.

Nao walikuwa na watu wengine wa kuongea nao. Viongozi wa Alberta Prosperity Project, akiwamo wakili Jeffrey Rath, wamesema wazi kwamba walikutana na maofisa wa serikali ya Marekani mjini Washington. Wakati rais wa Marekani anaiita nchi yako jimbo lake la 51, ziara hizo si za utalii.

Desemba 22, chini ya sheria iliyorekebishwa, tume iliidhinisha swali jipya: je, unakubali kwamba Jimbo la Alberta likome kuwa sehemu ya Kanada ili liwe dola huru? Kukusanya saini kulipangwa kuanza Januari 3 hadi Mei 2, 2026.

Saini zikitimia na kura ikipigwa, njia inayofuata haiko mikononi mwa Edmonton peke yake. Quebec ilishaichora. Mwaka 1995, katika kura ya maoni ya kujitenga, wanaotaka kubaki walishinda huko kwa asilimia 50.58, na baada ya kutetemeka kiasi hicho serikali kuu iliuliza Mahakama ya Juu. Jibu la 1998: jimbo halina haki ya kujiondolea lenyewe, lakini wengi wa wazi wakisema ndiyo kwa swali la wazi, wengine wote wana wajibu wa kukaa mezani. Sheria ya mwaka 2000 ikalipa Bunge la Ottawa nafasi ya kuamua kama swali na wingi ni vya wazi. Mezani kutakuwa na deni la taifa, mfuko wa pensheni, mipaka, na machifu wenye mikataba mitatu. Quebec inalijua hilo. Parti Québécois, chama kinachotaka Quebec ijitenge, inaahidi kura ya tatu kabla ya 2030, na ina lugha, shule na nusu karne ya kujiandaa. Alberta ina mafuta, ambayo bado yatahitaji kuvuka British Columbia au Marekani kuifikia bahari, tena kwa ruhusa ya nchi ambayo ingekuwa ya kigeni.